Pole Haitoshi: Hotuba kwa Wajitoleaji wa Mtandaoni kuhusu Kumsindikiza Aliyenyanyaswa

Ndugu mwenyekiti, ndugu wajitoleaji wenzangu,

Nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumze juu ya kuwasaidia wenzetu wanaonyanyaswa katika jumuiya zetu za mtandaoni. Humu ndani kuna wahariri wa kamusi elezo, wachoraji wa ramani huria, waandishi wa programu huria, watafsiri, na wasimamizi wa makundi ya kusaidiana. Nitalisema jambo langu mapema, ili hata atakayetoka kupokea simu atoke nalo.

Mtu aliyenyanyaswa hapungukiwi na pole. Pole anazipata mpaka zinamchosha. Anachokosa ni wa kumshikia kazi. Tunamwachia yeye akusanye ushahidi, yeye aandike malalamiko, yeye ajibu maswali ya kila apitaye, yeye afuatilie, yeye akumbushe. Baada ya wiki chache anachoka na kuondoka, na mnyanyasaji anakuwa amepata alichokitaka, tena kwa msaada wetu.

Nianze na hali ilivyo. Mwaka 2015 Wakfu wa Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia, uliwauliza watumiaji wa miradi yake kuhusu unyanyasaji. Walijibu watu 3,845. Asilimia 38 walisema bila kusita kwamba wameshanyanyaswa, na asilimia 51 walisema wameshuhudia mwenzao akinyanyaswa. Zaidi ya nusu ya walionyanyaswa walisema walipunguza kushiriki. Mwaka 2017 GitHub, jukwaa ambako waandishi wa programu hushirikiana, nayo ikawauliza watu wa programu huria. Asilimia 18 walikuwa wamekutwa wenyewe na ubaya kutoka kwa mwenzao, asilimia 50 wameuona ukimkuta mwingine, na miongoni mwa waliokutwa nao au kuushuhudia, karibu mmoja kati ya watano aliacha kuchangia mradi kwa sababu hiyo. Tafiti za namna hii hujibiwa zaidi na wenye la kusema, kwa hiyo sizichukui kama sensa. Lakini hebu angalieni lile kundi la walioshuhudia. Wengi wetu tuliokaa humu tumo kundi hilo. Leo nasema na mashahidi.

Jumuiya ya kujitolea ina ugumu wake. Kwenye ajira kuna mkuu wa kazi, kuna mkataba, kuna mlango wa kugonga. Kwetu aliyeumizwa huambiwa, "Si uache tu? Kwani unalipwa?" Anayesema hivyo hudhani amempa mwenzake njia rahisi. Hajui kwamba amemwambia aache marafiki, aache jina alilolijenga kwa miaka, aache kazi anayoipenda, na yule mwingine abaki. Halafu kuna suala la kumbukumbu. Katika miradi mingi kila tulichofanya kinabaki. Historia ya ukurasa inatunza kila toleo, na orodha ya michango ya mtumiaji inaonekana kwa yeyote. Uwazi huo ndio unaoifanya kazi yetu iaminike. Ndio huohuo unaompa mtu mwenye nia mbaya njia ya kumfuata mwenzake hatua kwa hatua bila kuvunja kanuni hata moja.

Chukueni kisa cha kawaida kabisa. Mhariri ametofautiana na mwenzake juu ya chanzo kilichotumika katika makala. Kesho yake anakuta hariri yake kwenye makala nyingine, isiyohusiana na ile, imetenguliwa, na kwenye muhtasari, pale anapoeleza sababu ya badiliko, pameandikwa "kuboresha". Kisha nyingine. Kisha makala aliyoianzisha zamani, iliyokaa salama miaka yote, inapendekezwa ifutwe. Kwenye ukurasa wake wa majadiliano limewekwa swali la upole: "Una uhakika lugha hii unaimudu?" Usiku akifungua arifa anazikuta zimepangana, zote za mtu yuleyule. Sasa litazame kila tendo peke yake. Kutengua kunaruhusiwa. Kupendekeza ufutaji kunaruhusiwa. Kuuliza swali, nani atakukataza? Ndiyo maana mkabidhi, yaani msimamizi mwenye vitufe vya ziada, akionyeshwa kiungo kimoja husema kwa moyo mweupe, "Mbona sioni tatizo?" Kwenye kiungo kimoja hataliona. Limo kwenye mfululizo, na mfululizo huonekana tu kwa aliyeketi akausoma wote. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, sawa, lakini sisi tulio hai tunaweza angalau kuisoma historia ya ukurasa.

Nije kwenye jibu la kwanza, na hapa naomba subira yenu maana nitakaa kidogo.

Mtu akikuandikia faraghani kwamba anasumbuliwa, ujue ameshaandika ujumbe huo na kuufuta mara kadhaa kabla ya kuutuma. Sisi tunamjibuje? "Kwani wewe ulimwambia nini?" "Jaribuni kuelewana." "Una ushahidi?" Maswali hayo yana wakati wake, na wakati wake bado. Shirika la Afya Duniani pamoja na wenzake lilitoa mwaka 2011 mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia kwa wanaokwenda kwenye maafa na vita. Mwongozo ule umejengwa juu ya mambo matatu: kuangalia, kusikiliza na kuunganisha. Unakwenda kutazama hali na usalama wa mtu, unamsikiliza bila kumlazimisha asimulie, kisha unamuunganisha na msaada anaouhitaji. Hakuna mahali panaposema umhoji. Mtu aliyetukanwa mtandaoni hajatoka kwenye tetemeko la ardhi, hilo najua, lakini utaratibu huo unamfaa vilevile.

Mimi huandika takriban hivi:

"Nimeusoma ujumbe wako wote. Pole kwa yaliyokukuta. Huna haja ya kunisimulia tena, nitakwenda kusoma mwenyewe. Kwanza niambie kama uko salama hapo ulipo. Kuna chochote chako kilichoanikwa, kama jina halisi, picha, namba ya simu au unapoishi? Sitamwambia mtu bila ruhusa yako, isipokuwa kama maisha ya mtu yamo hatarini. Nitakuandikia tena Alhamisi, hata kama sitakuwa na jipya."

Tazameni sentensi ya mwisho. Ukiniuliza ipi ina uzito kuliko zote, nitakuonyesha hiyo. Anayenyanyaswa huwa anakaa akisubiri arifa, na kila arifa inamshtua. Ukimpa siku, amepumzika mpaka siku hiyo. Lakini Alhamisi ikifika, andika. Ukikaa kimya, afadhali usingeahidi. Na ile "isipokuwa" ya kuhusu maisha msiiondoe kwa huruma. Kumwahidi mtu siri isiyo na mpaka ni kumdanganya, na siku utakapolazimika kuomba msaada atakuona msaliti.

Najua kuna anayejiuliza: je, nimeshamhukumu yule mwingine kabla hajasikilizwa? Hapana, na hili naomba lieleweke vizuri kwa sababu ndilo linalotugawa kila mara. Anayemsindikiza aliyeumizwa na anayeamua kesi wawe watu tofauti, daima. Msindikizaji hana kazi ya kupima nani mkweli. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba malalamiko yanafika yakiwa kamili na mlalamikaji hajavunjika njiani. Mwamuzi naye atawasikia wote, kama inavyopasa, na mtuhumiwa akipata wa kumsindikiza mimi sina kinyongo. Tunapomfanya mkabidhi mmoja awe mfariji, mpelelezi na hakimu, tunawaonea wote watatu: mlalamikaji, mtuhumiwa na huyo mkabidhi.

Kuna pia ugonjwa wetu wa kusuluhisha. Usuluhishi ni dawa ya wawili waliogombana juu ya maudhui, kila mmoja ana hoja, kila mmoja ana nguvu sawa. Mtu anayefuatwa hana ugomvi na anayemfuata. Anataka aachwe. Ukimkalisha meza moja na mtu huyo na kumwambia kila upande ukubali kosa lake, umempa mnyanyasaji nafasi nyingine ya kumfikia, safari hii kwa baraka za uongozi.

Sasa kazi yenyewe, ile ninayosema tumshikie.

Ushahidi ukusanywe na msindikizaji. Fungua waraka wa faragha, uweke kila tukio kwa tarehe na saa, ukitaja saa ni za wapi, maana wenzetu wamesambaa duniani kote na saa nne ya mmoja ni alfajiri ya mwingine. Weka kiungo cha toleo lenyewe au cha tofauti kati ya matoleo mawili. Kiungo cha ukurasa mzima hakitoshi, kesho ukurasa utakuwa umebadilika. Kwa yaliyotokea nje ya mradi, kwenye ujumbe wa simu au barua pepe, piga skrinishoti inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na, ikiwa ni tovuti, anwani yake. Chini ya kila kiungo andika sentensi moja ya kilichofanyika, kwa lugha kavu. "Ametengua hariri ya tano ndani ya saa moja, kwenye makala ambazo hakuwahi kuzigusa kabla." Msomaji atakasirika mwenyewe, huna haja ya kukasirika kwa niaba yake.

Kwa nini asifanye mwenyewe? Kwa sababu kumtaka mtu arudi kuyasoma matusi yake moja moja, ayapange kwa tarehe na kuyawekea maelezo, ni kumtukana mara ya pili. Wapo wanaotaka kufanya wenyewe, inawapa nguvu, na hao tuwaache. Muhimu ni kwamba ameulizwa.

Ikiwa kilichoanikwa ni taarifa za siri, msikimbilie ukurasa wa malalamiko wa hadharani. Ukiandika pale "Jamani, mtu ameweka anwani ya mwenzetu kwenye makala fulani", umewaita watu waje kuisoma. Tumieni njia ya faragha. Kwenye Wikipedia, kwa mfano, kuna ngazi mbili za kuficha. Mkabidhi anaweza kulificha toleo lisionekane na wasomaji, lakini wakabidhi wenzake wataendelea kuliona. Ngazi ya pili ni ya watu wachache waliopewa dhamana maalumu, nao hulificha hata kwa wakabidhi. Anwani ya mtu, namba yake ya simu, jina lake halisi ambalo hakulitoa mwenyewe, yote haya yanastahili ngazi ya pili. Tunza nakala moja kabla halijafichwa, uiweke pahali salama. Na kundi la WhatsApp lenye wanachama arobaini halihesabiki kuwa pahali salama, hata liitwe "Wakabidhi Pekee".

Kabla ya kutuma chochote, rudi kwa mwenyewe. Mweleze njia zilizopo na kila njia itamgharimu nini. Labda anataka mtu huyo azuiwe kabisa. Labda anataka wawili hao wapigwe marufuku kuingiliana tu, kila mmoja aendelee na kazi yake. Labda anataka kuandika tukio mahali fulani lisipotee, basi, asishtaki. Hayo yote ni majibu halali. Mtu aliyenyang'anywa uamuzi na mnyanyasaji hapaswi kunyang'anywa tena na watetezi wake.

Na watetezi, kusema kweli, wakati mwingine ndio mzigo. Nawasema wale mashujaa wanaosikia habari saa tatu, na saa tatu na robo wako kwenye ukurasa wa mnyanyasaji wakimporomoshea matusi. Wiki ijayo mnyanyasaji anakuja mbele ya kamati na viungo vyote hivyo, vimepangwa vizuri kuliko vyetu, na sasa yeye ndiye anayeonewa. Ukisikia hasira inakupanda, nenda kaangalie makala za yule aliyeumizwa, uzilinde. Hiyo ni kazi ya hasira yenye faida.

Nigusie siri na uwazi, kwa sababu bila shaka mtaniuliza. Juni 2019 Wakfu wa Wikimedia ulimfungia kwa mwaka mmoja mkabidhi mmoja wa Wikipedia ya Kiingereza, bila kuchapisha ushahidi na bila kumtaja aliyelalamika. Jumuiya ilichafuka. Wakabidhi kadhaa walirudisha vitufe vyao kwa kupinga. Septemba mwaka huohuo kamati ya usuluhishi, ambayo licha ya jina lake huamua kesi na huchaguliwa na wahariri wenyewe, baada ya kupewa ushahidi iliiondoa adhabu ile ya kufungiwa, ingawa ukabidhi hakurudishiwa. Kila upande ulikuwa na hoja nzito na sikusudii kuwahukumu leo. Ninachokikumbuka zaidi ni kwamba, katikati ya mabishano ya uwazi, watu walianza kukisia hadharani nani alipeleka malalamiko. Yaani mjadala kuhusu haki ukageuka kuwa msako.

Msimamo wangu ni huu. Jina la mlalamikaji na vielelezo vyake viwe siri. Utaratibu usiwe siri hata chembe. Mtu yeyote ajue, kabla hajanyanyaswa, malalamiko yanapokewa na nani, yanajibiwa ndani ya siku ngapi, mwamuzi akiwa rafiki wa mtuhumiwa anapisha vipi, na rufaa inakwenda wapi. Ukiuficha utaratibu, hata uamuzi wa haki utanuka. Bodi ya Wakfu iliridhia Kanuni za Maadili kwa Wote, na mwaka 2021 zikatangazwa. Miongozo ya kuzitekeleza ilifuata mwaka 2023, baada ya wanajumuiya kupiga kura zaidi ya mara moja. Wengine waliona mchakato ulivuta mno. Mimi naona miaka hiyo ilitumika vizuri kuliko ingeharakishwa, kwa sababu kanuni ambayo watu hawakuijadili huwa hawaitetei.

"Lakini ni mchangiaji mzuri sana." Nani hajaisikia hiyo? Michango ya mnyanyasaji inahesabika, iko pale kwenye orodha, maelfu kwa maelfu. Michango ya walioondoka kwa sababu yake haimo kwenye orodha yoyote. Kwa hiyo kila tukipiga hesabu, yeye anashinda. Na hofu ya kwamba mradi utaanguka mtu mkubwa akisogea pembeni mara nyingi haina msingi. Septemba 2018 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, programu huria inayoendesha kompyuta nyingi duniani, aliomba radhi hadharani kwa lugha aliyokuwa akiwatolea wachangiaji, akachukua mapumziko, na mradi ukapokea kanuni mpya za maadili. Simtaji kama mnyanyasaji, namtaja kwa sababu alisema mwenyewe. Toleo la 4.19 lilitoka Oktoba, likisimamiwa na mtu mwingine, na mashine za dunia ziliendelea kuwaka. Kama Linux ilistahimili, na kamradi ketu ka wahariri wachache katastahimili.

Mambo mawili ya hatari niyapitie upesi, kwa kuwa si ya msindikizaji kuyatatua. Tishio la kuua au la kujiua linapelekwa mara moja kwa kikosi cha dharura cha jukwaa husika na kwa vyombo vya usalama. Usikae kulipima kama ni la kweli. Picha za utupu zinazosambazwa bila ridhaa zina njia yake. StopNCII.org, iliyoanza Desemba 2021, hutengeneza alama ya kidijitali ya picha kwenye kifaa cha mwenye picha mwenyewe, picha haitoki hapo, na alama hiyo ndiyo inayopelekwa kwa majukwaa yaliyojiunga ili yaizuie. Aliyepigwa picha akiwa hajafikisha miaka 18, huduma yake ni Take It Down. Mwonyeshe njia, kaa naye akiifuata, lakini picha usiombe kuiona.

Kesi ikiisha, watu hudhani imeisha. Mwenzetu akirudi, arudi kwa kasi yake. Wawili au watatu waziweke makala zake kwenye orodha zao za kufuatilia, ili asilazimike kuzichungulia yeye kila asubuhi kwa moyo wa wasiwasi. Akitaka kubadili jina la akaunti, asaidiwe, ila aambiwe ukweli: kumbukumbu ya ubadilishaji jina inaweza kubaki inaonekana, na anayemjua kwa mada anazopenda na mtindo wake wa kuandika anaweza kumtambua. Kuanza upya kabisa, akaunti mpya na mada mpya, kunaficha zaidi, na kunamnyima sifa ya kazi yake yote ya nyuma. Achague akijua. Na akiamua kutorudi, tumwandikie ahsante kwa kazi aliyoifanya, tusimwandikie "utarudi lini?"

Msindikizaji naye ni mtu. Kusoma matusi ya mwingine kila siku kunaingia mwilini. Kila kesi iwe na watu wawili wanaopokezana, na aliyemaliza kesi moja apumzike kabla ya kupewa nyingine. Hilo liandikwe kwenye utaratibu, lisiachiwe uungwana wa mtu, kwa sababu watu wenye moyo wa kusaidia ndio wasiojua kusema "nimechoka".

Ombi langu ni watu wawili kutoka kila mradi uliowakilishwa hapa. Orodha iko kwa katibu. Mkabidhi anayeamua kesi asijiandikishe, abaki kwenye kazi yake. Anayejijua kwamba siri haimkai naye asijiandikishe, na hakuna atakayemuuliza sababu. Watakaojiandikisha tutakaa nao jioni, tuandike pamoja ule ujumbe wa kwanza kwa lugha ya kila mradi, na tukubaliane waraka wa ushahidi utatunzwa wapi na utafutwa lini.

Sasa nipo tayari kwa maswali. Mwenye swali linalohusu kesi inayoendelea, asiliulize kwenye kipaza sauti, anifuate pembeni.